Bawabu wa Mlango wa Uani

Sogeeni karibu. Wewe uliyekaa kizingitini, ingia ndani au toka nje, kizingiti si kigoda. Mwenye kutafuna ameze. Mwenye kikohozi akakohoe huko kwanza, kisha arudi. Habari hii haipendi makelele, na mkinyamaza vizuri mtasikia hata yale nisiyoyasema.

Palikuwa na seremala mmoja, mtu wa milango. Wenzake walichonga vitanda na makabati. Yeye milango tu. Mlango wa fundi yule ukiusukuma kwa kidole ulikwenda, na ukiuachia ulisimama pale pale, kama mtoto aliyelelewa akaleleka. Lakini kwao kazi zilikuwa haba, maana nyumba ni zile zile na milango yake haikuharibika. Akasikia kuna mji mbali huko, kwenye nchi kavu, nyumba zinaota kama uyoga. Akamwambia mkewe, "Tufunge mizigo."

Mama yake mzee akasema, "Mwanangu, mji usioujua, nenda kwanza peke yako ukauonje."

"Mama, mji si mchuzi."

"Ndiyo maana nakuambia. Mchuzi ukiwa mbaya unamwaga."

Wakahama wote: fundi, mkewe, mama mzee, na shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa mwenzake kazini na mtani wake mkubwa. Na binti yao mmoja, waliyemwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kuupumzisha mdomo. Alisemesha kuku, alisemesha sufuria, alisemesha hata kivuli chake.

Mji ule, wajukuu zangu, ulikuwa na kazi, sikatai. Lakini kazi si maisha. Maji yalikuwa ya chumvi. Chai unakunywa kama umelilia kikombeni. Sabuni haikutoa povu. Nguo zilikauka zikasimama zenyewe kama watu waliokasirika. Upepo ulivuma na vumbi jeupe lililoingia kwenye unga, kwenye shuka, kwenye meno. Watu wake hawakuwa wabaya, ila salamu zao zilikuwa za nusu mdomo, na ukipiga hodi mtu alikujibu akiwa nyuma ya dirisha lililofungwa. Jua likifika utosini, mji wote ulijifungia ndani, hata mbwa humwoni. Wageni wakadhani ni joto.

Kilichomuuma fundi zaidi ni mbao. Alikuwa amekuja na mbao za kwao, za miti iliyokunywa mvua ikashiba. Huku zikakauka ghafla, zikawa zinapasuka zimeegeshwa ukutani, pa, pa, kama mtu anayejivunja vidole. Meza waliyohama nayo ikaachana viungo wakiwa mezani.

"Zinalilia kwao," mama mzee akasema.

"Zitazoea, mama."

"Na mimi nikipasuka, mtanipiga gundi?"

"Wewe bibi tutakupiga msumari," shemeji akajibu, wakacheka. Bado walikuwa wanacheka siku zile.

Sasa nyumba waliyopanga ilikuwa na kasoro moja. Chumba cha nyuma kilikuwa na fremu ya mlango wa kutokea uani, fremu ya mbao ngumu, nzuri kabisa. Lakini mlango hapakuwa. Palikuwa pamezibwa kwa matofali kutoka chini mpaka juu. Mtu mwingine angetundika pazia akasahau. Lakini seremala na fremu isiyo na mlango ni kama daktari wa meno kuishi na kibogoyo. Kila akipita, macho yalikwenda pale pale.

Muuza maji, mzee mmoja wa mkokoteni, alimkuta akibomoa.

"Fundi," akasema, "hayo matofali hayakuwekwa na mvivu."

"Joto litatuua, mzee wangu. Tunataka upepo."

"Upepo upo barazani, kaa huko." Akamimina maji haraka haraka, akasukuma mkokoteni wake bila kuaga.

Fundi akachonga mlango kwa mbao zile za kwao. Akautundika kwa bawaba tatu, akaupima kwa timazi, ukawa wima kama shahidi wa kweli. Ulifungukia nje, uani, na upepo ulivuma kutoka huko huko, kwa hiyo upepo ulikuwa ukiusukuma ufunge. Lakini jua lilipofika utosini, mlango ulifunguka. Ulifunguka taratibu, ukishindana na upepo, bawaba zikilia nyiii, kama mtu mwenye adabu anayeingia chumba cha mgonjwa.

Hapo ndipo fundi alipokosea. Mtu mwingine angeuliza, nani anafungua? Yeye aliuliza, wapi nimekosea? Akaushusha, akaupiga randa, akautundika tena. Kesho ukafunguka. Akaushusha, akapiga randa. Maranda yake yakaanza kutoa harufu ya nywele zilizoungua, naye akasema ni utomvu. Mkewe akamwambia, "Baba Chiriku, uache huo mlango." Akajibu, "Mlango wangu haujawahi kunishinda."

Siku moja wakiwa wanakula mchana, mama mzee akaweka tonge chini. "Mbona nyumba imenyamaza?"

Kweli, Chiriku hakuwa anasikika. Walimkuta chumba cha nyuma, amekaa kizingitini, mgongo ameuegemeza kwenye fremu, mlango wazi, anatazama ua.

"Unafanya nini hapo, mama?" baba yake akamwuliza.

"Nimeambiwa nikae."

"Na nani?"

"Mwenye nyumba."

Shemeji akajaribu kutania. "Mwenye nyumba ana kitambi, hapo asingepita."

Mama mzee hakutania. Alimshika mjukuu mkono ili amnyanyue, na hapo kofi likatoka hewani, wote wakalisikia, mkono hawakuuona. Mama mzee alizunguka kama pia, akaanguka kifudifudi, na alipoinua uso meno mawili yalibaki sakafuni katika damu, na shavuni alama za vidole vinne, virefu, kila kimoja kimeanzia kidevuni kikaishia juu ya sikio.

Waliufunga mlango. Shemeji akachukua nyundo na misumari ya inchi nne, akaupigilia kwenye fremu, juu, kati, chini, akitukana kwa kunong'ona. Alipomaliza akauweka mkono wake pale kupumua. Msumari wa juu ukaanza kujizungusha. Ukatoka wenyewe, polepole, ukaelea mbele ya uso wake, msumari mwembamba wenye kutu ambayo haikuwapo, kisha ukapita katikati ya kiganja chake ukazama kwenye mbao, na kabla hajapata pumzi ya kulia ukafuata wa pili, na wa tatu ukapita kwenye mfupa wa kidole cha shahada, akabaki amening'inia mlangoni kama koti, na fundi akalazimika kumng'oa shemeji yake kwa jino la nyundo, msumari kwa msumari, kama anayevunja kreti.

Wakaamua kuondoka siku ile ile. Wakapata gari, wakampakia mtoto. Lakini walipofika kona ya mwisho ya mtaa Chiriku akaanza kutapika vumbi jeupe, kavu, likimwagika mdomoni na puani mpaka mapajani mwa mama yake, midomo ikageuka rangi, kifua kikasimama. Dereva akageuza bila kuambiwa. Walipoufikia mlango wa nyumba, mtoto akavuta pumzi, akashuka mwenyewe, akaenda kukaa kizingitini pake.

Mama yake akamfuata. Mama ni mama. Akamkumbatia kiunoni, akavuta, na mgongo wa mtoto ukakataa kutoka kwenye fremu, ngozi imeshikana na mbao kama gome na mti. Akavuta tena. Kitu kikamkamata nywele kwa nyuma, kikamwinua miguu ikining'inia, kikampiga ukutani, kikamrudisha, kikampiga tena, mpaka mtulinga, mfupa ule wa begani, ukalia pa, sauti ile ile ya mbao.

Kisha Chiriku akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mzima aliyekaa kimya muda mrefu.

"Wenyeji walinizibia. Mgeni akanifungulia, na kila siku akanichongea nafasi zaidi. Si mnasema mgeni njoo, mwenyeji apone? Nimepona. Sasa kila mlango wenye heshima una bawabu, na wangu nimempata. Msimguse."

Muuza maji ndiye aliyewaletea mganga, mwanamke mnene mwenye mafua yasiyoisha. Naye hakuwa wa pale.

"Nilikuja na mume wangu kutafuta maisha," akasema akifuta pua. "Mume nimemzika, mafua nimebaki nayo. Wenyeji dawa ya huyu hawana. Wanajua kujifungia tu, na hawakwambii mpaka uulize."

"Kwa nini hawasemi?" mke wa fundi akanong'ona, mkono mmoja umefungwa kifuani.

"Wakisema, nani atahamia?"

Akamtazama mtoto, akainusa fremu, akaokota randa moja kati ya yale maranda akalivunja. Likatoa tone la damu. Akamgeukia fundi.

"Aliyefungua ndiye afunge. Na afunge akiwa upande wa kule. Ukifunga ukiwa huku, kesho utaukuta wazi. Wewe ukishafunga, hawa wajenge matofali."

"Upande wa kule ni uani tu," mke akasema. "Tunaanika nguo pale."

"Saa yake ikifika, si uani."

Fundi akakunja mikono ya shati. Kisha mke akasema, "Tutafunga wote wawili."

"Na mtoto atashikwa na nani?" fundi akamwuliza. "Mama Chiriku, huku niliwaleta mimi." Akampa shemeji randa yake. "Usiiache ipate kutu. Maji ya hapa yana chumvi."

"Utaichukua mwenyewe ukirudi," shemeji akasema.

"Haya. Nishikie."

Mama mzee alikuwa kitandani, uso umevimba. Fundi akaenda akaweka kichwa magotini pake kama alipokuwa mdogo. Yule bibi akampapasa tu. Wala hakumwambia, nilikuambia.

Jua likafika utosini. Upepo ukakata ghafla, jambo ambalo hawakuwahi kuliona tangu wahamie, na bawaba zikalia nyiii. Mlango ulipofunguka ua haukuwapo, wala kamba ya nguo, wala ukuta wa jirani, palikuwa na weupe tu, vumbi lililosimama kama maziwa ndani ya chupa, na harufu ya nywele zilizoungua, na ndani ya weupe ule kitu kirefu kikisogea bila haraka, kama mwenye nyumba arudiye kwake, na fundi akamruka binti yake pale kizingitini akaingia, akaushika mlango wake kwa mikono miwili na kuusukuma, na kitu kile kikamfikia, na wote wakasikia kofi la kwanza, na la pili, na mbavu, lakini mlango ukazidi kuja, inchi kwa inchi, ukibaki na alama za damu kwenye ubao kila vidole vilipoteleza na kushika tena, mpaka ukakaa kwenye fremu yake, sawasawa, bila mwanya hata wa kupitisha karatasi, kazi ya fundi.

"Matofali," mganga akasema, na papo hapo akambandua mtoto. Ngozi ya mgongo ilibaki kwenye mbao, na Chiriku alilia kwa sauti yake mwenyewe. Shemeji akajenga kwa mkono wenye matundu, udongo ukichanganyika na damu yake. Dada yake akampa matofali kwa mkono mmoja. Na huko nyuma ya mlango waliendelea kusikia. Kipigo kilikuwa na mpangilio, hakikuwa na hasira, kama mtu anayevunja samani kuukuu apate kuni. Katikati yake sauti ya fundi ikapenya mara moja tu, chini chini: "Kaza lile la kona." Shemeji akalikaza tofali la kona. Tofali la mwisho lilipoingia, kukawa kimya.

"Bibi yuko wapi, mbona mnanibana, mgongo unauma, nina kiu, baba kaenda wapi?" Chiriku akasema mfululizo, na mama yake akampa maji.

Wakazunguka nyumba kwa nje mbio. Upande wa uani hapakuwa na mlango, wala fremu, wala tofali. Palikuwa na plasta tupu toka kona hadi kona, ya zamani, yenye ukungu. Fundi alikuwa amelala chini ya kamba ya nguo. Kila kiungo chake kilikuwa kimeachana na mwenzake, bega na mkono, goti na paja, kila kidole na kingine, ngozi tu ndiyo iliyoshikilia, kama kiti kilichoishiwa gundi. Walimbeba ndani ya shuka, maana hapakuwa na pa kumshika.

Walimzika huko huko, kwenye udongo mweupe, na hilo mama mzee hakulisamehe mpaka anaingia kaburini. Kisha wakarudi kwao, na safari hii kona ya mtaa waliipita.

Mkisikia watu wakigombania urithi, kumbukeni mgao wa nyumba ile. Randa alirithi shemeji, akaitumia mpaka uzeeni kwa vidole vilivyobaki, na vitanda alichonga, makabati alichonga, mlango hata mmoja hakuchonga. Timazi aliirithi mama mzee, akazikwa nayo. Mjane alirithi mtulinga uliounga vibaya, unaomwambia mvua kabla ya mawingu. Nyumba ile waliirithi wapangaji wengine, wageni, watu wenye watoto.

Na Chiriku? Siku ile walipomkunjua ngumi walikuta bawaba moja, skrubu zake zikiwa bado na nyuzi za mbao. Walipoitupa kisimani aliugua, ikabidi waiopoe. Ndiyo urithi wake. Imetundikwa ukutani mpaka leo, haina mlango, haina fremu, haina chochote inachokishika. Na jua likifika utosini, hata siku isiyo na upepo, hulia nyiii, taratibu, na Chiriku huacha maneno yake katikati, akasogea, akakaa karibu nayo.