Msusi Aliyemfunika Mwanawe

Ndugu zangu, Mama Vidole alikuwa msusi, na mkono wake ulisifiwa mtaa mzima. Kila Jumapili asubuhi alimkalisha kitinda mimba wake, msichana wa kidato cha pili, katikati ya magoti yake, redio ikiimba na chai ikipoa. Jumapili moja kitana kikagota kwenye upara nyuma ya sikio, upana wa kifuniko cha chupa.

Binti alimweleza kwamba mitihani ikikaribia vidole vyake hung'oa nywele, na kuvizuia hawezi.

Wiki hiyohiyo mwalimu wa ushauri, aliyekuwa ameuona upara huo, akamwita mama shuleni. Alimweleza kwa upole kwamba wamefungua chumba cha wanafunzi wenye msongo wa mawazo, na binti angefaa kuja kila Alhamisi. Mama Vidole akakitazama chumba. Mlango wake ulielekea uwanjani, kila anayeingia anaonekana. Hofu ya midomo ya watu ikamshika.

"Mwanangu si kichaa, mwalimu," alisema. "Nywele ndiyo kazi yangu. Niachie mimi."

Na kazi aliifanya kweli. Alimsuka rasta za bandia zikafunika upara wote, na upara ulipoongezeka akaongeza rasta. Wateja wakamsifia binti kwa kupendeza, mama akavimba kichwa, maskini, kumbe anapaka rangi ukuta unaobomoka. Binti akawa anakonda, anasukuma sahani na kushika tumbo. Mama akasema ni deko tu.

Hata siku moja akaanguka darasani akitapika. Hospitali wakampasua, kisha daktari akamwonyesha mama walichokitoa tumboni: donge la nywele kubwa kama ngumi. Binti alikuwa aking'oa na kumeza. Ndani ya donge Mama Vidole akazitambua rasta nyekundu alizomchagulia kwa mkono wake. Akakaa sakafuni akilia.

Kipande cha utumbo kilichozibwa na nywele kilikatwa, na kwa muda mrefu haikujulikana kama binti atapona. Siku alipoweza kusema, alimkuta mama ameshika kitana, anataka kumsuka kabla wageni hawajaingia.

"Mama," alisema, "usinifiche tena."

Mama akakiweka kitana chini.

FUNZO

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mzazi, mwanao akiitwa chumba cha ushauri, mwache aende, tena msindikize. Nanyi walimu, ugeuzeni ule mlango. Maneno ya majirani yatapita. Mtoto akipita harudi.