Arifa kwenye Kompyuta ya Marehemu

Haya yalimkuta shoga yangu Nadira, huko Likoni. Shangazi yake Mwanatatu, aliyekuwa edani kwa kufiwa na mumewe, alimwambia, "Mwanangu, kompyuta ya mume wangu yalia kengele kutwa. Nizimie, nipate kupumua."

"Haya, shangazi."

Chumba cha marehemu kilikuwa kimefungwa tangu mazishi, giza mchana kweupe. Nadira akafungua mipangilio ya kivinjari. Tovuti iliyoruhusiwa kutuma arifa ilikuwa moja tu, nayo haina jina. Akaizuia. Kengele ikakoma.

"Imenyamaza!" akaita.

"Alhamdulillahi," shangazi akajibu kutoka jikoni.

Papo hapo stima ikapotea, kompyuta ikazimika. Nadira akapapasa ukuta akitafuta mlango, na karibu kabisa na sikio lake kengele ikalia tena, "Ting." Mara hii ilitolewa kwa mdomo wa mtu, polepole, kama anayejifunza.