Moshi wa Jina la Marehemu

Moshi ulikataa kutoka. Fundi wa kufuta tatuu kwa leza alifungua dirisha, akapunga taulo, lakini ulibaki juu ya kitanda, na badala ya kunuka ngozi iliyoungua, ulinukia sabuni ya kunyolea ndevu.

"Hiyo sabuni ya marehemu mume wangu," alinong'ona mjane aliyelala kitandani.

Jina la marehemu ndilo lililokuwa likifutwa mkononi mwake. Mchumba wake mpya alishasema haoi watu wawili. Mjane alilia tangu mwale wa kwanza, na fundi, mwenye huruma kuliko busara, alizima mashine ya kufyonza moshi ili amsikie, akavua barakoa ili ambembeleze. Miwani ya kinga tu ndiyo iliyobaki usoni. Miaka tisa alikuwa akiwafundisha wenzake kwamba moshi ule haupumuliwi. Mganga hajigangi, ndiyo hivyo.

Jioni mama fundi alikohoa wino. Siku ya tatu bintiye alimkimbia, maana mama yake alikuwa akiimba bafuni kwa sauti nzito ya mwanamume, na hata alipoufunga mdomo kwa mikono miwili sauti iliendelea kutokea kifuani, ikimwita mwanamke asiyekuwemo nyumbani humo, ikimuuliza polepole, bila hasira, kwa nini amekubali achomwe moto mtu aliyempenda mpaka pumzi ya mwisho.

Mganga aliyeitwa alisikiliza kifua, akatikisa kichwa. "Huyu hatoki kwangu. Aliyetaka afutwe ndiye amwambie aende. La sivyo, mama huyu hafiki kesho."

Mjane akaletwa, bendeji mkononi. Mchumba alisimama mlangoni.

"Mwambie aende, dada yangu," fundi alisihi. "Nina mtoto."

"Baba watoto," mjane alisema, "nenda."

"Niende wapi, mama watoto?" kifua cha fundi kikajibu.

Kusema kweli, hapo hata mganga alifuta machozi. Mjane aliinama, akausogeza mdomo wake karibu na wa fundi, akavuta pumzi ndefu, ndefu, mpaka ile harufu ikaisha chumbani.

Fundi akaketi, akapumua vizuri, akaomba maji.

Mchumba alisogea kumwinua mjane. Mjane alimtazama kwa huruma, machozi yakimchuruzika, na sauti nzito ikatoka kinywani mwake.

"Tusamehe, kaka. Huyu ni mke wa mtu."