Mlio wa Pampu Katindiuka

Kasmiri, mwenye gereji ya Katindiuka, alikutwa adhuhuri nyuma ya nyumba yake, kichwa kimepasuliwa kwa chuma, ubongo umemwagika kwenye majani. Aliyemkuta ni Pantaleo, mvuvi wa Mofu, aliyemletea kambale. Masikini wa Mungu, akamwinua! Watu walipoona damu mikononi mwake hawakuuliza. Walimvunja mkono, wakamng'oa meno, na wangemmaliza kama Sajini Wendelin asingefyatua risasi hewani.

"Juzi tu waligombana sokoni!" walipiga kelele. "Anyongwe!"

Mwaka huo wa 1956 mtu aliweza kunyongwa kweli kwa ushahidi wa namna hiyo. Sajini alimfungia Pantaleo kituoni, akaenda gerejini.

Leodegar, mwosha malori, alikuwa ameegemea pampu, ile inayorusha maji kwa nguvu hadi tope lote linabanduka.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Bosi wako anauawa, wewe ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, naosha lori. Uliza mtaa mzima, pampu imelia tangu asubuhi."

Jirani, Mama Emerensiana, aliapa kwa Bikira Maria kwamba mlio haukukatika hata kidogo, mpaka kichwa kikamuuma.

Sajini alilizunguka lori. Gurudumu moja tu lilikuwa safi. Kwingine kote tope lilikuwa limekauka kama lilivyotoka shambani. Pipa la maji lilikuwa tupu. Alifungua pampu, na harufu ya mpira ulioungua ikampanda puani.

"Pipa hili hujazwaje?"

"Kwa ndoo, afande, kutoka kisimani."

"Likiisha?"

"Nazima pampu kwanza, ndipo nateka. Ikizunguka bila maji, mipira ya ndani inaungua. Hilo kila mwosha magari analijua."

"Vizuri. Pipa moja halifiki hata nusu saa, na mlio haukukatika asubuhi yote. Mipira ndiyo hii, imeyeyuka. Maji yaliisha, Leodegar, nawe hukuwapo kuizima."

Leodegar alinyakua spana ya magurudumu akamtandika Sajini begani, mfupa ukalia. Sajini alimpiga teke la tumbo, akamlalia kifuani, akambana koo kwa mkono uliobaki mzima.

"Kwa nini?"

"Alinizaba makofi mbele ya mama mkwe wangu!" Leodegar alilia kwa sauti. "Kisa niliunguza mipira ya pampu mwezi uliopita! Mkwe alijifunika uso kwa kanga, akamchukua binti yake wakarudi Chita. Mke wangu, afande! Ningeishije?"

Jioni Sajini, bega limefungwa kitambaa, alimfungulia Pantaleo mlango wa mahabusu. Nje watu walikuwa wamejazana kumwangalia muuaji mpya, na tayari walikuwa wameshika mawe.

Pantaleo aliwatazama, akarudi nyuma hatua moja. "Aliyenivunja mkono ni yule wa shati la kaki," alisema, damu bado inamtoka mdomoni. "Huyo utamkamata lini?"

Sajini aliona aibu. Alichukua pingu mezani, akatoka nje.