Abiria wa Ziwani

Mwau amemwoa dada yangu Nthambi, kwa hiyo nina haki ya kumcheka. Naye ana haki ya kunicheka mimi, ambaye nikipanda baiskeli, ni baiskeli ndiyo inayoomba dua. Lakini hili lililompata mwaka wa tisini na nane hatulicheki. Tumejaribu mara nyingi, kicheko kinakwama njiani.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Mvua za El Nino zilikuwa zimekatika, na upande wa ndani wa Msambweni ulikuwa kijani mpaka macho yanauma. Kila bonde lilikuwa limegeuka ziwa. Mahali ambapo watu walikuwa wakilima muhogo, sasa palielea mayungiyungi na bata maji. Wengine waliyatazama maziwa hayo wakaona mbu. Mwau aliyatazama akaona watalii.

Alikuwa na banda la kukodisha baiskeli pale Ukunda, mbele ya nyumba yake. Tangu zile fujo za kabla ya uchaguzi, mwaka uliotangulia, hoteli zilikuwa tupu, na baiskeli zake zilikuwa zikipandwa na kuku. Sasa kundi la Wajerumani lilikuwa linakuja Jumamosi, watu wazima wenye mapaja kama magogo, na ufuo hawakuutaka. Walitaka njia ya mashambani: maziwa, ndege, nyani. Mwau akaahidi kuwatafutia njia ya duara, ya kutokea bandani na kurudi bandani.

Tatizo lilikuwa kitambi. Alijua kwamba Wajerumani wale wangemwacha nyuma kwenye kilima cha kwanza, na kiongozi wa safari hawezi kuongoza huku akihema nyuma ya wenziwe. Akachana shuka kuukuu ya hoteli, akatoka kwa baiskeli kwenda kufunga vitambaa kwenye miti kila penye njia panda, ili wageni wafuate vitambaa na yeye awafuate wageni.

Shuka ilimwishia kwenye ziwa la mwisho, na bado njia ya kurudi yote haijawekwa alama.

Ziwa hilo halikuletwa na mvua. Lilikuwa dogo, la mviringo, maji yake meusi yasiyo na yungiyungi hata moja. Mama aliyekuwa akipalilia mpunga, alipoulizwa njia, alilionyesha kwa kidevu tu na jina hakulitaja. Kando ya maji palisimama mkuyu, na matawi yake ya chini yalijaa vitambaa. Vyekundu, vyeupe, vyeusi vya kaniki. Vipya na vilivyochakaa. Kila kimoja kimefungwa fundo lake kwa uangalifu.

Mtu wa Pwani angeshuka, akapita kimya, akashukuru kwamba amepita. Mwau, mtoto wa Machakos, alisimama akashika kiuno.

"Ala! Kumbe kuna mjanja ametangulia."

Alidhani ni kiongozi wa hoteli nyingine amekwisha kuchora njia yake pale. Basi kwa furaha ya mtu anayemkomoa mshindani, akavifungua vitambaa vile, kiganja tele. Tairi la nyuma lilikuwa limechanika ubavuni, tyubu inachungulia, kwa hiyo kimoja chekundu alikikunja akakiweka ndani, kati ya tairi na tyubu, kama afanyavyo kila mwenye baiskeli asiyeweza kununua tairi jipya. Akajaza upepo. Akapanda.

Lilikuwa jua la utosi. Hata ndege walikuwa wamenyamaza.

Alirudi akifunga vitambaa njia nzima, na baiskeli ikawa nzito. Kwanza alilaumu pilau. Kisha umri. Mwisho alishuka akalizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono: likazunguka bila kugusa breki. Alipopanda tena, uzito ukarudi. Kwenye mchanga wa Mwabungo aligeuka kutazama alama zake. Tairi la mbele lilikuwa limepita juu juu. La nyuma lilikuwa limezama, kama la baiskeli iliyopakia mtu.

Kitambaa cha mwisho alikifunga kwenye nguzo ya lango lake. Binti yake, Dianah, wa miaka sita, alikuwa amesimama pale na muwa mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

Mtoto akatazama nyuma ya baba yake, kwenye kiti cha abiria. Akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo."

Akasubiri kujibiwa. Kisha akauliza, "Baba, mbona hashuki?"

Kufikia magharibi Dianah alikuwa akiungua. Asubuhi meno yalikuwa yakigongana na hakumjua mama yake. Kliniki walipima malaria, hawakuona kitu. Nthambi alimpangusa jasho kwa taulo, akalinusa, akalinusa tena. Lilinuka maji ya dimbwi. Na nywele za mtoto zilikuwa zimelowa mpaka kwenye mashina, ilhali hakuna aliyemwosha.

Jirani yao Mwanarusi, muuza mahamri, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Hakuingia. Alisimama langoni na kikapu chake, akaita kwa mnong'ono.

"Baba Dianah. Hiki umekitoa wapi?"

"Kitambaa hicho? Nimekiokota, mama. Ni alama ya watalii."

"Hukukiokota. Nilikifunga mimi." Alikinyoshea kidole bila kukigusa. "Ni pindo la leso yangu. Luqman wangu alipokuwa akiungua, hasemi ila na mtu aliye majini, tulimpeleka pale. Tukayafunga maradhi yake mtini, tukaondoka bila kugeuka."

"Mama Luqman, mimi ni mtu wa kanisa."

"Na huyo uliyemleta, umemwuliza dini yake?"

Mwau akakitazama kile kitambaa langoni.

"Vingine umefunga wapi?"

"Toka ziwani... mpaka hapa."

Mwanarusi akafumba macho. "Subhanallah. Umemchorea njia ya kuja kwako."

Alimwambia la kufanya kwa maneno machache. Avirudishe vyote kwa mkono wake mwenyewe, kwa baiskeli ile ile, na avifunge kwa jua lile lile alilovifungulia. "Na ukiona uzito, usigeuke. Mwendeshe tu."

Mwau akakifungua kile cha langoni, akapanda. Baiskeli ikadidimia kidogo chini yake, kama mtu amekaa. Akaendesha.

Kila mti alioufikia alishuka, akafungua, akatia mfukoni. Jasho lilimwingia machoni. Hakugeuka. Mwabungo hakugeuka. Penye mpunga yule mama alimwona, akaacha jembe, akaingia kwake akafunga mlango. Mwau hakugeuka.

Akafika ziwani, jua utosini. Akavifunga vitambaa kimoja kimoja. Mfuko ukabaki mtupu. Akashukuru Mungu. Akapanda aondoke.

Baiskeli haikwenda.

Akasimama juu ya pedali kwa uzito wake wote, na kitambi chake chote. Haikwenda. Ndipo akakumbuka. Tairi.

Akashuka aipindue, magurudumu juu, alitoe. Haikupinduka. Sehemu ya mbele ilinyanyuka, ya nyuma ikabaki chini. Aliweka kiganja kwenye kiti cha abiria. Kilikuwa baridi. Kilikuwa kimelowa.

Ujana wake huko Machakos Mwau alikuwa akibeba watu kwa baiskeli sokoni. Sasa ulimi wake ukatoa wenyewe maneno aliyokuwa akimwambia kila abiria penye pancha.

"Samahani," alinong'ona. "Shuka kidogo nitengeneze tairi. Kisha nitakupakia tena."

Springi za kiti zikainuka. Taratibu. Kriii.

Kwenye matope kando yake zikajitokeza nyayo mbili. Ndogo. Za mtoto. Zikajaa maji. Vidole vilimwelekea yeye.

Alilifungua tairi bila kuinua macho. Kile kitambaa alichokuwa amekikunja sasa kilikuwa na fundo. Akakifunga mtini. Akashika usukani, akakimbia, tairi likining'inia bila upepo, ringi ikigonga mawe, na hakugeuka mpaka alipoiona lami.

Nyumbani alimkuta Dianah kizingitini, anakula hamri. Homa ilikuwa imezimika kama taa. Mtoto alitazama kile kiti cha nyuma, na safari hii hakumwamkia mtu. Mwau akakaa chini mchangani akalia kama aliyefiwa.

Mwanarusi alikuwa pale. Alimwacha amalize.

"Alishuka vipi?"

Mwau akamweleza, mpaka maneno yenyewe. Mwanarusi akakunja na kukunjua ncha ya leso yake.

"Nyinyi watu wa bara," akasema polepole, "mwaahidi upesi."

Wajerumani walipelekwa ufuoni kukiangalia kisiwa cha Chale kwa mbali, na walinung'unika. Kabla ya mvua nyingine kunyesha, Nthambi aliamua wahamie Kinango, kwa sababu Kinango haina ziwa. Maji yenyewe hununuliwa kwa mtungi. Baiskeli ile Mwau hakuthubutu kumwuzia mtu. Tairi la nyuma lilikuwa tupu tayari; akalitoa upepo na la mbele, akaitundika baiskeli kwa waya ghalani, asiiguse tena.

Nilikwenda kuwatembelea mwaka uliofuata, mwezi wa pili, wakati ambapo hata mate Kinango ni ya kubania. Dianah alikuwa mnene, mtundu, akanitania kitambi changu na cha baba yake. Nilicheka mpaka nilipopita ghalani nikaona mbuzi wamekusanyika ndani, wanasukumana.

Walikuwa wakilamba sakafu, chini ya kile kiti cha nyuma. Palikuwa na kidimbwi.

"Kila asubuhi," alisema Mwau nyuma yangu. Hakuingia.

Nikanyosha mkono, nikalibonyeza tairi la nyuma. Lilikuwa limejaa upepo, gumu kama jiwe, tayari kwa safari.

Pampu aliiacha Ukunda.