Pumzi Ndani ya Pakiti

Akitoka shule, Kavindu hubadilisha sare, hunawa mikono na kuketi kando ya sinia la krispi. Kazi yake ni kujaza pakiti na kuziziba kwa moto wa mshumaa. Mama yake, Kanyiva, huwa amemenya na kukaanga viazi tangu alfajiri, hapo hapo nyumbani kwao Waithaka, na kufikia saa hiyo hata kuongea humchosha.

Juma moja Kavindu naye alikuwa hoi. Aliona pakiti za kiwandani zilivyotuna madukani, na zake zimenywea kama tumbo la mwenye njaa. Basi kabla ya kuziba, akawa anapuliza kila moja kwa mdomo. Pakiti ikatuna, krispi chache zikaonekana nyingi, na kazi ikaisha upesi. Mama hakujua.

Jumamosi, Mzee Oloo alirudisha katoni nzima. Ndiye aliyekuwa akinunua krispi zao na kuziuza katikati ya jiji, na hawakuwa na mteja mwingine wa kutegemea.

"Mama Kavindu, krispi zimelainika. Wateja wananirudishia. Ikiwa hivi tena, nitatafuta kwingine."

Kanyiva aliketi juu ya debe tupu la mafuta. "Labda ni mafuta. Au ni viazi. Sijui tena, Mzee. Nimechoka." Machozi yakamlengalenga.

Kavindu alimwonea mama huruma. "Si mafuta, Mama. Ni mimi. Nilizipuliza zitune kama za dukani."

Mzee Oloo akavua miwani. "Hebu pulizia hapa." Kioo kikafanya ukungu. "Umeona? Pumzi ina maji, na krispi huyanyonya. Nilifanya kazi kiwandani miaka sita. Kule hakuna anayepuliza. Mashine hujaza naitrojeni, gesi kavu, ili krispi zisivunjike na mafuta yasiharibike. Na ile karatasi inayong'aa ndani huzuia mwanga na unyevu."

"Na mate je?" Kanyiva aliuliza kwa unyonge. "Watu wamekula mate yako, mwanangu."

Kavindu aliinamisha kichwa kwa aibu. Wakatupa katoni yote.

Juma lililofuata aliziacha krispi zipoe kabisa, akajaza pakiti vizuri, akabana hewa itoke, ndipo akaziba. Hazikutuna hata kidogo. Mzee Oloo alifungua moja, akatafuna, na mlio ukasikika hadi mlangoni.

"Endeleeni kuniletea," alisema.

Kanyiva akamshika binti yake begani. "Mteja hakuoni ukipakia, Kavindu. Anakula tu kwa kukuamini. Siku ukichoka, niambie, tupakie chache."