Mgeni wa Upande wa Ganzi

Chupa ilitoa mapovu wakati Msafiri amebana pumzi.

Mwanne aliliona hilo mchana kweupe, na mwanzo akayalaumu macho yake. Siku ya nne hiyo alikuwa amekaa mkekani kando ya kitanda cha mdogo wake, katika hospitali ya kambi ya reli, Dodoma, enzi ile Mjerumani anakipeleka chuma chake Tabora. Nikisema hospitali msije mkafikiria makubwa. Lilikuwa banda la mabati, vitanda sita, na vumbi lililoingia na kutoka lilivyotaka.

Msafiri alikuwa mpasua mawe, kwenye mwamba uliozuia reli njia ya kwenda Zuzu. Akashikwa na kichomi, kichomi kikaleta usaha, usaha ukajaa kifuani mpaka kijana wa watu akawa hawezi kumaliza sentensi. Daktari wa Kijerumani akampasua ubavuni, akatoa kipande cha mfupa kama kidole, akaingiza mpira mwembamba. Mpira ule ulishuka hadi kwenye chupa ya maji iliyokaa sakafuni. Msafiri akitoa pumzi au akikohoa, uchafu na hewa vilipita humo na maji yakatoa mapovu. Asipopumua, maji yalitulia. Hata mtoto angeelewa.

Sasa Filipo, msaidizi wa daktari, alikuwa amemwambia abane pumzi kidogo ili amfunge kitambaa kipya. Msafiri kabana, mashavu yamevimba. Chupa nayo inaendelea, povu moja, povu jingine, taratibu kabisa, kama pumzi ya mtu aliyelala na kushiba.

"Filipo, umeiona hiyo chupa?" Mwanne alinong'ona.

"Hewa iliyobaki tu hiyo, dada. Usitafute makuu."

Filipo alikuwa Mgogo aliyesoma misheni, kijana mwenye mikono safi, na alijivunia sindano yake kuliko wengine wanavyojivunia ng'ombe. Daktari alimfundisha mwenyewe. Kidonda hakitamuua huyu, daktari alisema, maumivu ndiyo yatamuua: akiogopa kuvuta pumzi na kukohoa, pafu litanyauka na usaha utarudi, na hapo hakuna tena wa kumpasua. Kwa hiyo asubuhi, mchana na jioni, Filipo alimkalisha Msafiri, akahesabu mbavu kwa kidole toka chini kwenda juu, akachoma dawa ya ganzi karibu na uti wa mgongo, chini ya ukingo wa kila ubavu, mahali mishipa ya fahamu inapopita. Kisha alimgusa ngozi kwa pini. "Unasikia?" "Sisikii kitu!" Na kwa saa mbili tatu Msafiri alikohoa vizuri, akavuta pumzi hadi mwisho, akacheka na kuwatania Wagogo wote wa banda lile. Mwanne aliibariki sindano hiyo katika kila sala.

Ila palikuwa na jambo ambalo Mwanne hakumwambia mtu.

Siku ya pili baada ya upasuaji, jua la utosini, Msafiri ametoka kuchomwa, wagonjwa wote wamelala, nje chamchela inazunguka uwanjani na kuokota majani, sauti ilisikika mlangoni. "Hodi." Sauti ya upole, ya mtu aliyechoka safari. Mwanne alikuwa katikati ya usingizi, akajibu kama alivyolelewa na mama yake kule Kolo: "Karibu." Akataka kuinuka. Sauti ikasema, "Starehe, dada. Usinyanyuke." Akafumbua macho. Mlangoni hapakuwa na mtu. Harufu ya baruti iliingia, nzito, na siku hiyo hawakulipua mwamba. Na Msafiri, katika usingizi wake, alisogea pembeni kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kitandani.

Basi mlo wa Msafiri ukaongezeka, mwili ukapungua. Alimaliza bakuli mbili za uji akaomba ya tatu, huku mifupa ya shingo inazidi kuchomoza. Mchana huohuo wa chupa, baada ya sindano, Mwanne aliinama akalaza sikio kwenye ubavu ule wa ganzi, asikilize kama pafu linafunguka. Akasikia pumzi ya Msafiri ikiingia na kutoka. Na chini yake akasikia nyingine, ndefu zaidi, isiyofuatana nayo.

"Dada," sauti ikasema kutoka ndani ya mbavu, na mdomo wa Msafiri umefumba, "usinilalie."

Lo! Mwanne hakumbuki alivyotoka. Alijikuta jikoni kwa Bi Mwamvua, mama mtu mzima wa Kondoa aliyewapikia vibarua uji, na ambaye watu walimwendea kimyakimya mambo ya majini yakiwazidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekuja mbio hivyo?"

Mwanne akaeleza yote. Bi Mwamvua akaacha kukoroga.

"Ulimjibu karibu?"

"Nilimjibu, mama. Nilijua ni mtu!"

"Basi huyo hakuvunja mlango, ni mgeni wako. Ubani hautamtoa, wala maji ya kombe. Atakula na kulala humo mpaka mwenye mwili aishe." Alisema kwa sauti ya chini, akitazama nyuma yake. "Amechagua upande huo kwa sababu hauumi. Kitanda chake ni ile ganzi. Iondoeni, mwacheni mdogo wako auone uchungu wake mwenyewe, na mgeni atakosa raha. Ataaga. Akiaga, umsindikize hadi alikotoka, kama mgeni yeyote. Lakini kijaze kinywa chako maji, mwanangu. Unajua sisi tunavyomjibu mtu akisema kwaheri."

"Tunamwambia karibu tena."

"Ee. Neno hilo asilisikie humo bandani."

Mwanne akarudi na moyo umegawanyika. Sindano ikiendelea, mgeni anammaliza mdogo wake. Sindano ikikosekana, Msafiri ataogopa kupumua, na daktari amekwisha kusema mwisho wake. Huyo Msafiri ndiye ndugu yake pekee wa tumbo moja aliyebaki.

Filipo hakutaka hata kusikia. "Daktari amekwenda Morogoro, anarudi kesho. Akikuta nimeacha kuchoma ni hamsa ishirini, dada! Viboko vile unavijua?" Akachukua sindano yake, akamkalisha Msafiri, akaanza kuhesabu mbavu. Moja. Mbili. Tatu. Kidole kikafika penye kitambaa, pale mfupa ulipotolewa, pasipotakiwa kuwa na kitu kigumu. Hapo akasimama. Kitu cha ndani kilikisukuma kidole chake, kidogo tu, kama kidole kingine.

Filipo aliirudisha sindano kwenye sanduku, akafunga kifuniko, akakaa juu yake. "Sichomi," akasema.

Ganzi ya mchana ilikuwa imekwisha kufifia. Alasiri Msafiri akaanza kuugua, mwanzo kwa meno yaliyouma shuka, kisha kwa kelele. Alivuta pumzi fupifupi, za juujuu. Mwanne akaikunja kaniki yake mara nne, akaiweka juu ya kidonda, akaikandamiza kwa viganja viwili. "Kohoa, mdogo wangu."

"Siwezi! Dada, unaniua!"

"Kohoa nimekushika. Filipo, mshike mgongo!"

Akakohoa. Alilia kama mtoto, naye Mwanne akalia pamoja naye huku anakandamiza. "Tena." Akakohoa tena, na hapo ndipo sauti ile nyingine ikaanza kupiga kelele pamoja na ya Msafiri, kutoka kinywa kilekile lakini kwa chini yake, ikiomba sindano, nichomeni, nichomeni jamani, nimewakosea nini, nyumba yangu ya mawe mmeipasua kwa baruti na wanangu wamo, nikabisha hodi kila hema la kambi hii wasiitikie, ni wewe tu dada uliyenikaribisha, wewe mwenyewe, na sasa unanitesa kwa uchungu ambao si wangu, na harufu ya baruti ikajaa banda mpaka wagonjwa waliojiweza wakatambaa nje, na chupa sakafuni ikachemka bila moto, povu jeusi likapanda shingoni mwake na kumwagika, na Mwanne hakuondoa mikono, akasema tena, tena, tena.

Jua lilipogusa vilima, chupa ikatulia.

"Haya," sauti ikasema, sasa ya adabu, ya uchovu. "Kwaherini."

Mwanne akadaka kata ya maji, akajaza kinywa, akatoka. Chamchela ndogo ilimtangulia kando ya reli, upande wa Zuzu, na kila alipochelewa ilimngoja. Njiani iliaga mara mbili. "Kwaheri, dada." Msicheke, jamani: ulimi wake mwenyewe ulitaka kujibu, ulisukuma meno, na maji yakamchuruzika kidevuni. Hakujibu. Kwenye mwamba uliopasuliwa vumbi lilizunguka mara ya mwisho, likaingia katika ufa, likatoweka. Mwanne akatema maji, akakaa chini akacheka na kulia kwa furaha.

Aliporudi, chupa ilifuata pumzi ya Msafiri sawasawa, na Filipo alimchoma sindano akiwa na amani. Daktari naye alirudi akakuta mgonjwa ana nafuu, akampongeza Filipo, ambaye alitazama chini. Mwili ukarudi, mpira ukatolewa, kidonda kikafunga. Baada ya miezi miwili ndugu hao wawili wakafika kwao Kolo, na mama yao akamshika Msafiri uso kwa mikono miwili.

Mvua za kwanza zilipopita, mchana mmoja walikuwa uani wakichoma mahindi, Msafiri kifua wazi, anasimulia visa vya kambini kama kawaida yake. Kaa moja la moto likaruka kutoka mafigani, likatua ubavuni mwake, juu ya kovu. Mwanne akangoja aruke. Msafiri akaendelea kusimulia. Ngozi ikaanza kutoa moshi, naye anacheka kwa maneno yake mwenyewe.

"Msafiri! Kaa la moto!"

Akainama, akaliona, akalipukusa. "Ala! Wala sikusikia."

"Tangu lini husikii upande huo?" Mwanne aliuliza.

"Tangu juzi hivi, mchana. Usijali. Afadhali hivi kuliko ile siku uliyonikohoza." Akageuza hindi lake. "Ujue, dada, yule bwana wa hospitali alikuwa mtu wa adabu sana. Sikuwahi kukwambia. Jioni ile mlipotoka alirudi nyuma mara moja, akainama kitandani pangu, akaniaga peke yangu."

"Ukamjibu nini?"

Msafiri akamtazama kwa mshangao, kama aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Nimjibu nini tena? Nilimwambia karibu tena."

Harufu iliyopanda kutoka ubavuni haikuwa ya ngozi iliyoungua. Ilikuwa ya baruti. Mwanne akaruka kutoka kigodani, hindi likamwanguka mkononi, na Msafiri alikuwa amefumba mdomo, anatafuna, sauti ilipotoka kwenye kovu.

"Starehe, dada. Usinyanyuke."